Nyati na Mbung'o

Watoto wa shule hutuuliza swali ambalo wazee wao pia huulizana barazani: mbona ng'ombe akipitishwa katika pori la mbung'o hukonda hata akafa, na nyati, ambaye ni kama ndugu yake, hukaa katika pori lilo hilo siku zote naye hunawiri? Swali hili ni la zamani. Katika kulitafutia jibu watu walifanya mambo mengi, mengine ya hekima na mengine ya hasara kubwa. Basi tumeona vema tuyasimulie.

Daktari Livingstone alilitaja katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1857. Safarini kusini alipoteza maksai 43, wazuri wote, ingawa hakuona mbung'o wengi wakiwatua. Aliona pia ya kuwa nyati na pundamilia hawadhuriki. Alidhani kwamba sumu imo ndani ya mbung'o mwenyewe, penye shina la mdomo wake. Hapo alikosea, lakini macho yake yalikuwa yameona sawasawa.

Mwaka 1894 tabibu wa jeshi la Waingereza, David Bruce, alipelekwa nchi ya Wazulu kuchunguza ugonjwa wa nagana. Alikaa Ubombo, juu ya mlima, pamoja na mkewe Mary aliyemsaidia katika kazi yote. Bondeni mbung'o walikuwapo, mlimani hawakuwapo. Bruce alipoitazama damu ya ng'ombe wagonjwa kwa darubini, aliona vidudu vidogo mno vikijinyonganyonga ndani yake. Akaagiza mbung'o wakamatwe bondeni na kupandishwa mlimani, akawaacha waume wanyama wazima, nao wakaugua. Kisha akatwaa damu ya wanyama wa porini, nyati akiwa mmoja wao, akawatia mbwa. Na baadhi ya mbwa wakashikwa na ugonjwa ule ule. Kumbe nyati anavyo vidudu mwilini, ila havimwangushi!

Vidudu hivi vina hila. Kila kimoja kimevaa kama kanzu, na mwili wa mnyama hujifunza kuwatambua maadui zake kwa kanzu ile. Ukiisha kuitambua na kuanza kuwaua, wachache huwa wamekwisha kubadili kanzu, nao huzaana upya. Ng'ombe wetu huchoka katika vita hivyo, damu ikapungua, akafa. Nyati hawamalizi maadui hao, bali huwazuia wasizidi, kwa kuwa wazazi wake waliishi na mbung'o tangu zama za zama. Waliokuwa dhaifu walikufa bila kuzaa, na waliobaki ndio waliorithisha nguvu yao. Hata ng'ombe wako wa namna hiyo. Katika Guinea na nchi jirani za Afrika ya Magharibi wako wanaoitwa Ndama, wafupi, wasio na nundu, waliokaa karibu na mbung'o kwa maelfu ya miaka. Nao huishi mahali ambapo ng'ombe wengine hawawezi. Pundamilia ana njia nyingine. Mwaka 2019 wataalamu katika Uingereza walieleza jinsi walivyowavika farasi nguo za milia: pange walisogea karibu nao, lakini wengi walishindwa kutua penye milia.

Lakini mtu asidhani kwamba nyati ni wa chuma. Mwishoni mwa miaka ya 1880 ugonjwa wa sotoka uliingia upande wa Eritrea na Habeshi pamoja na ng'ombe walioletwa kwa merikebu. Mwaka 1891 ulikuwa umefika Tanganyika, na mwaka 1896 ulivuka mto Zambezi. Ng'ombe wakafa makundi kwa makundi. Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alipofika Ngorongoro mwaka 1892, aliwakuta Wamasai wamekonda kwa njaa. Na nyati wakafa vile vile! Yule aliyeishinda nagana hakuwa na ngao yo yote juu ya sotoka, maana baba zake hawakuwahi kukutana nayo. (Sotoka ilitangazwa kwisha duniani mwaka 2011.)

Hapo ndipo kosa lilipoanza. Nyati walipokwisha, mbung'o nao walitoweka mahali pengi pa kusini kwa kukosa damu ya kunywa. Watu wakasema: Ondoa wanyama, mbung'o ataondoka. Katika Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, tangu 1919 na kwa miaka mingi wawindaji waliwapiga risasi wanyama maelfu kwa maelfu. Nchi ya Wazulu nako ilifanyika hivyo katika miaka ya 1940. Mahali pengine mbung'o alipungua kweli, hatukatai. Lakini ngiri na pongo, ambao mbung'o hupenda sana damu yao, hujificha vichakani na mashimoni, si rahisi kuwamaliza. Na kwetu Tanganyika, watu walipokosa ng'ombe, malisho yaliota vichaka. Wanyama wa porini waliporudi, mbung'o akarudi nao, akaenea hata mahali palipokuwa pa malisho zamani.

Afadhali wangalimtazama mbung'o mwenyewe. Yeye hatagi mayai mengi kama nzi wa nyumbani. Hulea funza mmoja tu tumboni mwake, akimlisha kitu mfano wa maziwa, kisha humzaa mkubwa tayari, naye hujichimbia udongoni upesi. Malezi hayo humlinda mtoto, lakini uzazi wake ni wa polepole, tena jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu. Katika kisiwa cha Unguja, tangu mwaka 1994, madume waliolelewa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege. Majike waliopandwa nao hawakupata mtoto, na mwaka 1996 alikamatwa mbung'o wa porini wa mwisho katika kisiwa kile.