Njia Panda ya Mmonaki na Bondia

Katikati ya jiji la Louisville, jimbo la Kentucky, Mtaa wa Nne unakatana na barabara ya Muhammad Ali. Ni njia panda kama nyingine: taa za magari, majengo marefu, watu wenye haraka zao. Pembeni pamesimikwa bango la chuma la historia, na msafiri akilisogelea akidhani atasoma habari za bondia hukuta zimeandikwa za mmonaki. Barabara imepewa jina la mpiganaji, bango likapewa mtawa, na wote wawili wanagawana kona moja. Ukiwafuatilia mmoja mmoja hadi kwa waliowatangulia, unakutana na mdudu yuleyule: nyuki.

Mmonaki alifika kwa treni. Thomas Merton alizaliwa Prades, Ufaransa, mwaka 1915, na kufikia umri wa miaka 26 alikuwa akifundisha fasihi katika Chuo cha St. Bonaventure, karibu na mji wa Olean, kusini mwa Buffalo. Desemba 1941, siku mbili tu baada ya Pearl Harbor kushambuliwa, wakati vijana wa Marekani wakipanga foleni kujiandikisha jeshini, yeye alifunga kijisanduku chake akaenda kujifungia. Alipitia Buffalo, akaivuka Ohio usiku kucha, na tarehe 10 akabisha hodi kwenye lango la monasteri ya Gethsemani, mwendo wa kilomita 80 hivi kusini mwa Louisville. Njia kuu ya reli ya siku hizo ilishuka kutoka Cleveland kupitia Columbus hadi Cincinnati, na kutoka Cincinnati si mbali tena.

Buffalo, Columbus, Louisville. Leo ukiitaja miji hii mitatu mbele ya Mkongo wa Fizi au Uvira aliyepita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hakuulizi iko wapi. Ana shangazi huko, au mjomba, au yule jirani wa kambini aliyetangulia kuitwa kuhamia Marekani. Kuanzia mwaka 2003 walipelekwa huko pia Wabantu wa Somalia, ambao baadhi yao bado wanazungumza Kizigua walichokibeba babu zao kutoka upande wa Handeni katika karne ya 19. Kwa hiyo Kiswahili kinasikika kwenye mabasi ya Louisville, na wanaokizungumza wanapita kwenye kona yetu bila kulisoma bango. Siwalaumu. Mabango ya pembeni mwa barabara tunayasoma sisi tusio na zamu ya kuwahi.

Gethsemani yenyewe ilianzishwa na wakimbizi wa aina yake. Mwaka 1848 Ufaransa ilikuwa katika mapinduzi, na Watrapisti wa abasia ya Melleray, huko Brittany, waliona heri watafute pa kuhifadhi utawa wao kabla hawajafukuzwa tena kama ilivyowahi kutokea. Wamonaki zaidi ya 40 walipanda meli hadi New Orleans, wakapandisha mto Mississippi kisha Ohio kwa boti ya mvuke, wakashukia Louisville katika baridi ya Desemba. Mmoja wao alifia baharini. Tarehe 21 waliingia kwenye shamba walilonunua kwa masista wa Loretto. Kanuni waliyokuja nayo ni ileile ya Mtakatifu Benedikto inayowaongoza wamonaki wetu wa Peramiho na Ndanda, ila wao waliishika kwa ukali zaidi: kuamka usiku kusali, kula bila nyama, kufanya kazi za shamba, na kunyamaza kiasi kwamba waliongea kwa ishara za mikono.

Sasa hilo jina, Melleray. Masimulizi ya abasia yanasema kwamba katika karne ya 12 wamonaki waliotumwa kutafuta kiwanja walikosa pa kulala, wakajibanza kwenye mti wenye tundu, na humo ndani wakakuta mzinga wa asali. Jina limetokana na hiyo asali. Wahenga wetu walisema fuata nyuki ule asali. Wamonaki wale walifuata, wakala, halafu wakajenga ukuta kuzunguka mti. Watawa wa kale hawakuona ajabu katika hilo. Waliwatazama nyuki kama taifa kamili, lenye nyumba moja, mkuu mmoja, ghala la pamoja, kazi bila malipo, na usafi wa mwili. Mzinga ulikuwa monasteri iliyotangulia monasteri. Na Bernardo wa Clairvaux, aliyezaliwa mwaka 1090 na kulikuza shirika la Wasitoo ambalo Watrapisti ni tawi lake, aliitwa mwalimu mwenye maneno ya asali; hadi leo wafuga nyuki wa Kikatoliki wanamhesabu kuwa msimamizi wao.

Lakini nyuki ana mwiba pia, na Bernardo hakuusahau. Mwaka 1129, kwenye mtaguso wa Troyes, alisaidia kuwapatia kanuni wapiganaji wa Hekalu, wale Templari waliokuwa wakilinda mahujaji wa Yerusalemu, kisha akaandika kitabu kizima cha kuwasifu. Hapo ndipo Ulaya ilipata kiumbe kipya: mtu aliyeweka nadhiri za umaskini, utii na useja, mwenye upanga mkononi. Mwaka 1158 mambo yalikwenda mbali zaidi. Abate Raimundo wa Fitero, Msitoo halisi, alikubali kuilinda ngome ya Calatrava nchini Hispania baada ya Templari kuikimbia, na likazaliwa shirika la wapiganaji chini ya kanuni ya Kisitoo. Templari walipovunjwa mwaka 1312, mfalme wa Ureno hakutaka mali yao ipotee. Mwaka 1319 likaundwa Shirika la Kristo, likapewa kanuni ya Calatrava, na likawekwa chini ya uangalizi wa abate wa Alcobaça, ambaye naye alikuwa Msitoo.

Msomaji wa pwani aniruhusu nitue hapa kidogo. Msalaba mwekundu wa Shirika la Kristo ndio uliochorwa kwenye matanga ya Wareno. Aprili 1498 Vasco da Gama alipotia nanga mbele ya Mombasa, kisha Malindi, watu waliosimama ufukweni waliona alama ya wamonaki wapiganaji, ingawa hakuna aliyewaambia hivyo. Miaka saba baadaye Kilwa na Mombasa zilionja mwiba wake. Tumezoea kuanza hadithi ya Wareno na viungo na mizinga ya baruti, na ni sawa, ila ukoo wa ule msalaba unarudi hadi kwenye mashamba tulivu ya watu waliojifunza kuishi pamoja kwa kuwatazama nyuki.

Gethsemani hapakuwahi kuwa na upanga. Kulikuwa na jibini, keki za matunda, na baadaye peremende laini zenye wiski ya Kentucky, ambazo mpaka leo wamonaki wanauza kwa posta na ndizo zinazowalisha. Hata hivyo Merton alipopokelewa alipewa jina la Louis, la mfalme Mtakatifu Louis wa Ufaransa, aliyeongoza Vita vya Msalaba, akatekwa Misri mwaka 1250 na kufia Tunis mwaka 1270. Na jiji lililo karibu nalo linaitwa kwa jina la Louis mwingine, wa 16, aliyewasaidia Wamarekani dhidi ya Waingereza na baadaye akakatwa kichwa na watu wake mwenyewe.

Tarehe 18 Machi 1958 Padre Louis aliingia mjini kwa shughuli za monasteri. Alikuwa amekwisha kuwa mwandishi maarufu. Kitabu cha maisha yake cha mwaka 1948 kiliuzwa kwa mamia ya maelfu. Akiwa kwenye kona ya Mtaa wa Nne na Walnut, jina la zamani la barabara ile, katikati ya wanunuzi na makarani, alijikuta amejaa upendo kwa kila mtu aliyepita. Aliona kwamba wale ni wake na yeye ni wao, na kwamba ule utengano wa mtawa na watu wengine ulikuwa ndoto tu. Hiyo ndiyo habari ya bango. Watu wanaotaka miujiza huondoka wamepungukiwa: hakuna mwanga ulioshuka, hakuna aliyeponywa. Mtu alisimama kwenye kivuko cha miguu, akabadilika.

Mitaa michache kusini, kwenye Mtaa wa Nne huohuo, palikuwa na ukumbi wa Columbia. Oktoba 1954 mvulana wa miaka 12, Cassius Clay, aliegesha hapo baiskeli yake mpya aina ya Schwinn, nyekundu, akaenda kutembelea maonyesho. Kutoka, baiskeli haipo. Akaelekezwa kwa polisi aliyekuwa chini ya jengo, Joe Martin, akamwambia huku analia kwamba atamtwanga huyo mwizi. Martin alikuwa akifundisha ndondi humohumo. Akamwambia afadhali ajifunze kwanza kupigana. Machi 1958, mmonaki alipokuwa amesimama kwenye kona yake, kijana alikuwa na miaka 16 na tayari anajulikana kwenye ulingo wa Louisville. Baiskeli haikupatikana kamwe.

Mwaka 1960 alirudi na dhahabu ya Olimpiki kutoka Roma. Februari 1964, kabla ya kumshinda Sonny Liston huko Miami, yeye na msaidizi wake Bundini Brown walitunga ile kauli inayojulikana dunia nzima, ya kuelea kama kipepeo na kuchoma kama nyuki. Siku chache baadaye akatangaza Uislamu wake, na Machi akaitwa Muhammad Ali. Kundi la Kiislamu aliloingia lilikuwa na kikosi cha vijana waliovaa tai na suti, wasiogusa pombe wala nguruwe, wanaofundishwa gwaride na kujilinda. Kwa macho ya mtu wa Calatrava hao si wageni kabisa. Na dini aliyoishika ina sura nzima katika Kurani, ya 16, iliyopewa jina la nyuki, ambamo Mungu anampa mdudu huyo wahyi wa kujenga nyumba milimani na mitini.

Kambi ya mazoezi ya Ali huko Deer Lake, Pennsylvania, ilijengwa kwa magogo: vyumba vya kulala, jiko lenye meza ndefu, msikiti mdogo, kengele, na mbio za alfajiri kabla jua halijachomoza. Ukiondoa kelele za mwenye nyumba, ni monasteri. Pambano lake kubwa nalo lilipigwa katika saa za watawa, saa kumi alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, katika uwanja wa 20 Mai, Kinshasa. Umati ulimwimbia kwa Kilingala hadi George Foreman alipoanguka raundi ya nane. Wazee Wakongo wanaoishi sasa katika jiji la Ali wanaikumbuka alfajiri hiyo kwa namna ambayo mzawa wa Louisville hawezi.

Huyo mpiganaji ndiye aliyekataa vita. Tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, aliitwa jina mbele ya maofisa wa jeshi na hakupiga hatua mbele. Alinyang'anywa ubingwa, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000, akakaa nje ya ulingo zaidi ya miaka mitatu katika umri ambao bondia huwa katika kilele chake. Mahakama ya Juu ya Marekani ilimsafisha Juni 1971. Mmonaki naye alikuwa amekwisha kulipa bei yake ndogo: mwaka 1962 mkuu wa Watrapisti alimkataza kuchapisha kitabu alichoandika dhidi ya vita vya nyuklia. Alitii. Maandishi yakaendelea kuzunguka kwa nakala za mashine, kutoka mkono hadi mkono. Mwana wa Bernardo alizuiwa kusifia amani na shirika lililowahi kusifia upanga. Na mtu wa ngumi akawa hatarini kufungwa kwa kutotaka bunduki.

Louisville haikukimbilia kumheshimu Ali. Mwaka 1978 madiwani walipiga kura ya kuipa Walnut jina lake, na hoja ikapita kwa sita dhidi ya watano. Walnut ndiyo ilikuwa mtaa wa biashara wa watu weusi, wenye sinema, benki na kumbi za muziki, kabla mipango ya kusafisha mji haijaibomoa sehemu kubwa yake. Kwa hiyo jina lilifika wakati maduka mengi yameshaondoka.

Februari 1980 Rais Carter alimtuma Ali Afrika kuomba nchi zisusie Olimpiki ya Moscow. Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere hakukubali kumwona. Waandishi walimkumbusha kwamba mwaka 1976 Afrika iliposusia Olimpiki kwa ajili ya makaburu, Marekani haikuunga mkono. Ali akakiri kwamba hakuelezwa yote. Kenya ilisusia. Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha.

Nyuki mfanyakazi akimchoma mtu hufa, kwa kuwa mwiba wake una vijino na hauchomoki. Ali, aliyejifananisha na nyuki, aliambiwa mwaka 1984 kwamba ana ugonjwa wa kutetemeka, akaishi nao hadi Juni 2016. Alizikwa Cave Hill, makaburi ya jiji lake, baada ya msafara mrefu uliopita katikati ya watu waliojipanga barabarani.

Merton alikufa akiwa na miaka 53, tarehe 10 Desemba 1968, karibu na Bangkok, alikokwenda kukutana na watawa wa Asia. Siku hiyohiyo, miaka 27 kabla yake, alikuwa ameingia lango la Gethsemani. Mwili wake ulirudishwa Marekani na ndege ya jeshi, pamoja na miili ya askari waliouawa Vietnam. Wenzake wakamzika kando ya kanisa, chini ya msalaba mdogo mweupe usiotofautiana na ya jirani zake, ulioandikwa jina la Padre Louis Merton na tarehe.