Kitulo kwa siku moja: Panga hivi safari yako ya kwenda kuona maua

Watu wengi wakisikia hifadhi ya taifa wanawaza simba na tembo. Kitulo ni tofauti. Hapa kinachowapandisha watu mlimani ni maua, na ndiyo sababu wenyeji wa Nyanda za Juu Kusini wanaiita Bustani ya Mungu. Wataalamu wa mimea nao wameipa jina la Serengeti ya Maua.

Hifadhi hii ilitangazwa rasmi mwaka 2005 na ina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 413. Ndiyo ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya kulinda mimea. Ina aina zaidi ya 350 za mimea, zikiwemo aina zipatazo 45 za okidi zinazoota ardhini.

Ukiwa Mbeya, unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Lakini usikurupuke. Haya hapa ya kuzingatia.

Uende lini?

Katika nchi za baridi, maua hufumuka theluji ikiisha. Kitulo yanasubiri mvua. Yanaanza kuchanua mvua za kwanza zikishanyesha, karibu na Novemba, na yanapendeza zaidi kati ya Desemba na Aprili. Ukifika mwezi huu na ukarudi mwezi ujao, unaweza kukuta rangi zimebadilika kabisa, kwa sababu kila mmea una zamu yake.

Juni hadi Agosti ni baridi kali na ukungu. Septemba hadi Novemba kuna jua na kutembea ni raha, ila maua ni machache. Kama shida yako ni kupanda vilima tu, nenda miezi hiyo. Kama unafuata maua, subiri mvua.

Na hapo ndipo penye kazi. Maua na tope vinakuja pamoja. Msimu mzuri wa kuona maua ndio msimu mbaya wa barabara, kwa hiyo mipango yako yote izunguke kwenye jambo hilo moja.

Njia na gari

Njia inayotumika sana kutoka Mbeya inapita Chimala, umbali wa kilomita kama 80 kwenye barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam. Hapo kuna lami, ila malori ni mengi, hivyo usipige hesabu ya kukimbia.

Ukifika Chimala unaiacha barabara kuu na kuanza kupanda kuelekea Matamba, wilayani Makete. Hii ndiyo ile barabara maarufu ya kona 57. Si mchezo. Unatoka kwenye bonde la Usangu na kupanda zaidi ya mita 1,000 kwenda juu, huku bonde lote likiwa chini yako. Mwenye kichefuchefu cha safari akae mbele na asile sana kabla ya hapo.

Kipindi cha mvua tafuta gari la juu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na dereva anayeijua njia hiyo. Gari dogo la mjini linaweza kufika siku ya jua, halafu likakwama wakati wa kurudi. Jaza mafuta kabla ya kuanza kupanda. Kama huna gari, kuna usafiri wa abiria hadi Matamba, lakini kutegemea magari ya abiria kwenda na kurudi ndani ya siku moja ni kubahatisha. Bora mchangishane watu wanne au watano mkodi gari.

Kutoka Dar es Salaam usijidanganye kuwa utamaliza kwa siku moja. Lala Mbeya kwanza.

Ratiba inayowezekana

• Saa 11 alfajiri: ondoka Mbeya.
• Saa 1 asubuhi: Chimala, kunywa chai.
• Saa 3 hadi saa 4: uwe umeshafika juu na kumaliza taratibu za kuingia.
• Hadi saa 8 mchana: tembea, piga picha, kula.
• Saa 8: anza kurudi, hata kama bado una hamu.

Kwa nini mapema hivyo? Kwa sababu milimani mvua mara nyingi hushuka mchana, na zile kona hutaki kuzishuka gizani, utelezi ukiwa umeanza.

Malipo

Viingilio vya hifadhi za TANAPA havilipwi kwa fedha taslimu mkononi. Unapewa namba ya malipo na kulipa kwa simu, benki au kadi. Uliza viwango vya sasa kabla ya kuondoka, kwani raia na mgeni hawalipi sawa. Wasiliana na hifadhi mapema pia kuhusu mwongozaji na hali ya barabara wiki hiyo. Usisubiri kufika juu ndipo uanze kuhangaika na mtandao.

Cha kubeba

Uwanda wa Kitulo uko kwenye mwinuko wa takribani mita 2,600. Jua linaweza kukuchoma na baridi ikakutetemesha ndani ya saa moja. Beba sweta, koti la mvua, kofia, na viatu vya kufunga ambavyo huogopi kuvichafua. Chukua maji na chakula chako. Chaji simu ijae, maana picha zitakuwa nyingi. Tembea taratibu, kwani huko juu pumzi hukata haraka.

Mpenda ndege abebe darubini. Kitulo ni makazi ya tandawala na mbayuwayu wa buluu, ambaye ni adimu duniani.

Usichume, usichimbe

Hili si suala la adabu tu. Okidi nyingi za Kitulo zina viazi vidogo chini ya udongo. Viazi hivyo huchimbwa na kuuzwa, hasa nchini Zambia, ambako husagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chakula kinachoitwa chikanda. Kwa miaka mingi viazi kutoka Nyanda za Juu Kusini vimekuwa vikivushwa mpaka kwenda huko.

Tatizo ni kwamba hauchumi tunda ukaacha mti. Ukichimba kiazi, mmea wote umekwenda, na mwakani hapo hapatachanua kitu. Biashara hiyo ilikuwa moja ya sababu za kutaka uwanda huu uwe hifadhi.

Kwa hiyo hata ua moja la kumpelekea mtu nyumbani liache lilipo. Pita kwenye njia, usiingie katikati ya maua kutafuta picha. Okidi nyingine ni fupi kuliko majani yanayoizunguka, unaweza kuikanyaga bila kujua. Mwambie mwongozaji akuoneshe. Wenye macho yaliyozoea huziona pale ambapo wewe unaona nyasi tu.