Charlotte Salomon: Shajara au Tamthilia?

Mwaka 1961, katika jumba la makumbusho la Fodor mjini Amsterdam, umma uliona kwa mara ya kwanza picha za Charlotte Salomon, Myahudi wa Berlin. Mwenyewe alikuwa ameshauawa miaka 18 nyuma, huko Auschwitz, akiwa na miaka 26 na mjamzito.

Miaka miwili baadaye kikatoka kitabu chenye sehemu ndogo tu ya picha zile, na jina lake la Kiingereza likaziita shajara. Neno hilo likanata. Charlotte akafananishwa na Anne Frank: binti asiye na hatia, aliyeandika mateso yake kisha akauawa.

Tatizo ni kwamba hakuandika shajara. Kazi yake, Leben? oder Theater?, yaani Maisha? au Tamthilia?, ni mchezo uliopangwa kwa utangulizi, sehemu kuu na hitimisho. Watu wa familia yake wamepewa majina ya kubuni. Mama yake wa kambo, mwimbaji Paula Lindberg, anaitwa Paulinka Bimbam. Charlotte naye ni Charlotte Kann. Kuna hata maelekezo ya muziki wa kuandamana na picha.

Alikimbilia kusini mwa Ufaransa mwaka 1939, kwa babu na bibi yake. Mwaka uliofuata bibi alijiua, na hapo ndipo babu akamfungukia: mama yake, ambaye tangu utotoni aliambiwa kafa kwa mafua, alijiua pia. Na mama yake mdogo vilevile. Hebu fikiria: nje kuna Wanazi, ndani ya nyumba kuna siri kama hiyo. Charlotte akachagua kuchora. Hadi 1942 alikuwa na picha zaidi ya 1,300, akachambua kama 800 hivi. Akazikabidhi kwa daktari amtunzie. Mwaka 1943 akakamatwa.

Baba yake na Paula walinusurika, na mwaka 1971 waliikabidhi kazi hiyo kwa Makumbusho ya Kihistoria ya Wayahudi, Amsterdam. Lakini kurasa kadhaa za barua yake zilifichwa kwa miaka mingi. Humo anasimulia kwamba alimpa babu yake sumu. Hadi leo wataalamu wanabishana: ni ungamo au ni tamthilia?

Kuzificha kulieleweka, walikuwa wazazi. Ila mtakatifu yule wa maonyesho ya mwanzo hakuwa Charlotte mzima. Mwaka 2017, miaka 100 tangu azaliwe, makumbusho hayo yalitundika kazi yote kwa pamoja, badala ya kuteua vipande vya kutuliza. Hivyo ndivyo inavyopaswa. Wanazi walimhesabu kama Myahudi mwingine wa kuua. Sisi tukimhesabu kama marehemu mwingine wa kulilia tu, bado hatujamtazama. Alama mbili za kuuliza kwenye kichwa cha kazi yake aliziweka mwenyewe. Tusimfutie.