Kofia Aliyotuficha Mama

Katika nyumba zetu za Maskati, urithi wa Unguja umekuwa kasha la njumu. Huwekwa ukumbini, shaba zake husuguliwa kabla ya Idi, na mgeni huambiwa kwamba lilisafiri na babu. Ukweli usemwe: mengi ya makasha hayo yaliundwa Bara Hindi kwa mbao za msaji, yakaletwa Unguja kuuzwa. Tuliyanunua. Kazi ya mikono yetu wenyewe ilikuwa nyingine, nayo haikuwekwa ukumbini.

Mume wangu alipostaafu mwaka jana, tulifungua hatimaye mizigo ya marehemu mama. Ndani ya foronya tukakuta kofia isiyokwisha: utepe mrefu wa bafta nyeupe uliokunjwa mara mbili, maua yamechorwa kwa penseli, nusu yake imeshadariziwa. Sindano ilikuwa bado imechomekwa, imeshika kutu.

Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, watu wetu walitawanyika: Mombasa, Dar es Salaam, Kairo, Dubai. Sayyid Qaboos aliposhika utawala tarehe 23 Julai 1970, aliwaita Waomani wa ng'ambo warejee, na wazazi wangu wakafika Maskati 1972. Baba alikuwa na Kiingereza kizuri na Kiarabu cha chuoni, cha kusomea Kurani, si cha kuombea kazi. Miezi ilipita. Aliyetulisha ni mama, kwa kofia.

Wasioijua kazi hiyo hudhani ni kudarizi tu. Vitobo hutobolewa kimoja kimoja kwa kufuata mchoro, kisha kila kimoja huzungushiwa uzi ukingoni mpaka kiwe jicho dogo gumu lisilofumka. Ndimo upepo unamopita kichwani. Kofia moja nzuri huchukua wiki nyingi. Leo hapa Oman huitwa kumma, huvaliwa na dishdasha, na kijana anayeivaa hajui ni wanawake wangapi waliotoka Unguja walioumiza macho kwa ajili yake.

Mama alishona usiku, mlango umefungwa. Dada yangu mkubwa ndiye aliyezipeleka dukani Matrah, zimefungwa kwenye gazeti, asubuhi kabla majirani hawajatoka. Baba alipopata kazi, sindano ikasimama, inaelekea katikati ya ua lile lile tulilolikuta. Sisi mabinti tulipoomba kufundishwa alijibu, “Nyinyi someni.” Kwa miaka mingi nilidhani aliidharau kazi ile. Sasa naona aliiogopa. Kwake ilikuwa na harufu ya njaa. Hata hivyo simsamehei kabisa. Angeweza kutufundisha na kusoma pia tungesoma.

Nilijifunza kwa shangazi wa mume wangu, mwenye miaka themanini, ambaye alinivisha kastabini kidoleni kama anayemvisha bibi arusi pete. Kofia yangu ya kwanza ilikuwa chujio. Mume wangu, ambaye hakuzoea kukaa bure, aliamua kuunda kitanda cha kamba kama alicholalia utotoni kwao Ng'ambo. Matendegu aliyachonga kwa mkunazi uliokatwa shambani kwa mjomba wake, akatoboa matundu kwa patasi, akaingiza ndimi za mifumbati na vitakizo bila msumari hata mmoja. Nikaelewa kwa nini vitanda hivyo vilihama na watu: hufumuliwa, vikafungwa mzigo mmoja. Kamba za makumbi alizileta binamu yake kutoka Unguja, sanduku zima likinuka pwani ya kule, na afisa wa forodha akazinusa mara mbili kabla ya kutikisa kichwa na kumpisha.

Kuwamba kulituchukua siku tatu, yeye akivuta, mimi nikishikilia. Usiku wa kwanza kamba zililegea na asubuhi tukaamka wote wawili tumekusanyika katikati kama embe kapuni. Alicheka, kisha akakumbuka kwamba babu yake alikuwa akikaza kamba kila Ijumaa.

Sasa alasiri yeye hukaza, mimi hukaa ukingoni na kofia ya mama. Sindano yenye kutu niliitoa kwa mafuta ya nazi, nikaiweka ndani ya kasha la njumu. Nimeanzia tundu lile lile alipoachia. Macho yake ni madogo kuliko yangu, na mahali mkono ulipobadilika panaonekana wazi.