Mwenye Vyombo Ndiye Mwenye Bendi

Kwenye sherehe za Buhare, mjini Musoma, fundi mitambo huwahi kufika kabla ya wageni. Hufunga spika kwenye stendi na kuzisogeza mbele ya waimbaji, zielekee kwa watu. Zikikaa nyuma yao, sauti ya spika hurudi kwenye maiki, ikakuzwa upya, na ukumbi mzima ukapigwa na mluzi wa kuchoma masikio.

Ufundi huu una zaidi ya miaka 100. Mwaka 1915 Peter Jensen na Edwin Pridham, waliofanya kazi California, Marekani, walitengeneza kipaza sauti chenye nguvu. Mkesha wa Krismasi mwaka huohuo walikitumia San Francisco kurusha hotuba na nyimbo mbele ya maelfu ya watu.

Kwetu, gita la umeme ndilo lililobadili mambo. Bila amplifaya halifiki hata meza ya pili, na amplifaya ni mali ya mwenye fedha. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kiliunda bendi ya NUTA Jazz na kuwalipa wanamuziki mshahara. Mlimani Park nayo ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri. Mpigaji alipohama bendi, alihama na kipaji chake tu. Vyombo vilibaki kwa mwajiri.

Vijana wa uswahilini Dar es Salaam walijitafutia njia yao. Katika mchiriku, muziki wao, kinanda kidogo cha Casio huunganishwa na amplifaya kuukuu na spika za honi. Sauti hutoka ikikwaruza, na mkwaruzo huo ndio utamu wenyewe. Jagwa Music, iliyoanzishwa mwaka 1992, ilifika nao hadi majukwaa ya Ulaya.

Mkoa wa Mara, uliko mji wa Musoma, nao una deni kwa litungu. Ala hii ya Wakurya ina nyuzi nane na sauti nzito inayonguruma. Litungu likiwekwa kando ya kinanda bila maiki yake, humezwa lote, na mzee anayelipiga anabaki kutazamwa vidole tu. Dawa si kuongeza sauti ya kila kitu. Fundi alipe litungu maiki yake, karibu na ngozi ya kisanduku, aanze nalo wakati wa kujaribu mitambo, kisha vyombo vingine vipimwe kulifuata. Spika zimewapa sauti wenye fedha kwa muda mrefu. Ni haki zimpe na mpiga litungu.