Raizoni za Bibi

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, nilizuiwa getini kwenye ofisi moja ya umma nilikokwenda kusoma majalada ya zamani. Gauni langu liliishia chini kidogo ya magoti. Mlinzi, mama wa makamo, hakunifokea. Alifungua droo, akatoa kanga iliyofifia rangi, akasema, "Jifunge hii mwanangu, ukitoka utaniachia." Ndani ya droo niliziona kanga nyingine tatu au nne zimekunjwa vizuri, zinawasubiri wenzangu. Nilijifunga, nikaingia, nikakaa saa mbili nikisoma barua za serikali kuhusu mavazi ya wanawake huku nimevaa kanga ya serikali.

Desemba nilipofika Ifakara nilimsimulia bibi, mzaa mama. Nilitegemea aniunge mkono, au anisute kama mama alivyonisuta kwenye simu, kwamba msomi mzima hajui nguo ya kwendea ofisini. Alicheka mpaka akaweka chini ungo aliokuwa akipepetea.

"Mke mwenza," akasema. Ndivyo anavyoniita, kwa sababu marehemu babu aliniita mke wake mdogo tangu nizaliwe. "Wewe uliongezwa kitambaa. Mimi nilipunguzwa kimo."

Akaingia ndani, akarudi na picha.

Ni picha ya nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja, pembe moja imeliwa na mende. Bibi amesimama mbele ya pazia la studio lililochorwa ndege ya abiria. Amesuka twende kilioni. Gauni lake la kitenge limebana kiunoni na linaishia palepale lilipoishia langu. Lakini macho ya mtu yeyote yanashuka miguuni. Kavaa raizoni, vile viatu vya soli nene kama tofali. Zilikuwa za buluu, anasema, maana picha haisemi. Ni mwaka 1977. Ana miaka 24, na mama yangu ana mitatu.

Nasomea shahada ya uzamili ya historia na mada yangu ni mavazi, kwa hiyo nilidhani najua picha hiyo nikaiweke wapi. Kila anayesoma mada hii hukutana mapema na Operesheni Vijana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1969 vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana vitapigwa vita. Hata kabla siku yenyewe haijafika, makundi ya vijana Kariakoo yalikuwa yakisimamisha mabasi na kuwashambulia wanawake kwa sababu ya sketi zao. Barua zikamiminika kwa wahariri wa magazeti, za kuunga mkono na za kupinga. Na katika miaka hiyohiyo kulikuwa na operesheni nyingine ya kuwalazimisha Wamasai waache lubega wavae suruali. Mmasai aliambiwa amevaa kidogo kwa sababu amebaki nyuma; msichana wa mjini aliambiwa amevaa kidogo kwa sababu ameiga Ulaya. Andrew Ivaska ameiandika vizuri habari hii katika kitabu chake cha 2011, Cultured States. Lakini ni habari ya Dar es Salaam.

Nikamuuliza bibi: mwaka 1969 ninyi mlisikia nini kuhusu vimini?

"Sisi tulikuwa mpungani."

Nilidhani ananikwepa. Nilichukua siku mbili kuelewa kwamba alikuwa amenijibu.

Asiyelijua bonde la Kilombero aliwazie tambarare inayogeuka ziwa kila masika. Mto unafurika, majaruba yanajaa, na familia nyingi zinahamia mashambani, ng'ambo ya mto au kando yake, kukaa kwenye madungu mpaka mavuno. Kupalilia mpunga ni kazi ya kusimama ndani ya maji na tope. Mwanamke anafunga kibwebwe, anapandisha kanga juu ya magoti, pengine hadi mapajani, kwa sababu kitambaa kilicholowa tope ni mzigo. Pembeni yake yupo shemeji, yupo jirani, na pengine baba mkwe. Hakuna aliyeita hilo kukaa uchi. Jioni, kabla ya kushika njia ya kurudi, anateremsha kanga mpaka kwenye vifundo vya miguu, na mwanamke huyohuyo akionyesha goti sokoni, atasemwa wiki nzima. Kipimo hakikuwa goti. Kipimo kilikuwa uko wapi na unafanya nini. Vijana wa TANU wenye futi zao wangepata taabu sana mpungani.

Na nguo yenyewe ilikuwa na utaratibu wake. Mama yake bibi alivaa kaniki, kitambaa cheusi kilichoanza kuletwa na misafara tangu karne ya 19 pamoja na merikani, ile pamba nyeupe iliyopata jina kwa sababu ilitoka Marekani. Bibi mwenyewe ni mtu wa kanga. Baada ya mavuno mpunga ukiuzwa, mume alinunua doti. Mavuno yakipita bila doti, mke alikuwa na haki ya kupeleka mashitaka kwa wazee, na wazee walisikiliza. (Hapa nitoke nje kidogo. Katika miaka ya 1930 serikali ya Mwingereza iliwahimiza sana wakulima wa bonde hili walime pamba. Wengi wao wakaendelea kushikilia mpunga, kwa sababu mpunga unauzika na ukikosa mnunuzi unaula. Pamba huwezi kuila. Watu wa Kilombero walivaa pamba kwa kuuza mchele, na hadi leo sioni kosa katika hesabu hiyo.)

Viatu havikuwemo katika utaratibu huo. Hakuna mzee aliyesikiliza shauri la mwanamke aliyenyimwa viatu. Viatu vilikuwa vya askari, walimu, mapadri na wauguzi wa misheni. Wengine walikwenda peku, au na katambuga za tairi. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, serikali ilichukua hisa nyingi za kampuni ya Bata, na baadaye watu wakazoea viatu vya Bora; lakini mpaka hapo kiatu cha mwanamke kilibaki kitu kisicho na mwenyewe wa kukitoa. Nguo ulipewa. Kiatu, kama ulikitaka, ulikitafuta.

Bibi alikitafuta kwenye treni.

Reli ya TAZARA ilijengwa kuanzia 1970 na kukabidhiwa rasmi Julai 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na ikapita katikati ya bonde: Kidatu, Mang'ula, Ifakara, Mlimba. Wanahistoria wameandika mengi kuhusu Wachina na ukombozi wa kusini mwa Afrika. Mimi nilikua nikisikia zaidi habari za madirisha. Treni ikisimama, wanawake wanakimbilia madirishani na mabeseni: wali, perege wa kukaanga, maandazi, ndizi. Bibi alikuwa mmoja wao. Nafaka wakati ule ilitakiwa iuzwe kwa NMC, shirika la serikali la usagishaji, na kubeba magunia kwenda kuuza kivyako kulikuwa na hatari ya kunyang'anywa njiani. Lakini wali uliokwisha kupikwa haukuwa gunia. Debe kwa debe, mpunga wa shamba lake ulipita madirishani ukiwa kwenye sahani.

Raizoni zilishuka kwenye treni hiyohiyo, mikononi mwa mwanamke aliyekuwa akileta nguo na viatu kutoka Dar. Zilikuwa zimevaliwa kidogo. Bibi hakumbuki shilingi ngapi. Anakumbuka ilikuwa thamani ya madebe matatu ya mpunga. Alizificha kwenye kapu kwa wiki mbili. Siku ya tatu ya masika, njia yote tope, alizibeba mkononi akiwa peku, akanawa miguu kwenye ndoo ya jirani wa studio, akavaa, akapigwa picha, akavua, akarudi peku.

Hiyo ya kubeba viatu mkononi haijaisha. Nenda Ifakara masika yoyote, Jumapili asubuhi, uwaangalie akina mama na wasichana wanaotoka pembezoni: kandambili mguuni, mchuchumio ndani ya mfuko wa plastiki. Karibu na kanisa wananawa, wanabadilisha, wanaingia wakilia ko-ko-ko sakafuni. Mwaka 2020 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walichapisha jaribio la ndara zilizofungwa vipande vya gunia vyenye dawa ya kufukuza mbu, kwa kuwa mbu wa huku hupenda kuuma chini ya goti. Nilimweleza bibi, akataka kujua kama zipo zenye kisigino.

Babu alikuwa seremala. Na alikuwa mfupi.

Alizikuta raizoni usiku, bibi akiwa amelala. Hakupiga kelele, na bibi anasisitiza kwamba hakumpiga, wala siku hiyo wala siku nyingine. Alichukua msumeno. Asubuhi bibi alizikuta mlangoni zimepangwa vizuri, soli zimekatwa mpaka zimebaki unene wa kidole. Mstari ulikuwa umenyooka. Alikuwa amezipiga na msasa zisikwaruze.

"Alisema nini?"

"Alisema mke hawi mrefu kuliko mume wake."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilizivaa. Kila Jumapili, miaka minne, mpaka zikachanika. Nilitaka azione."

Usiku huo sikulala mapema. Nilifungua kompyuta, nikaitafuta Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo nilishaisoma kwa ajili ya mtihani bila kuihusisha na mtu yeyote ninayemjua. Kifungu cha 63 kinamtaka mume amtunze mkewe kwa makazi, mavazi na chakula. Kifungu cha 56 kinasema mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Sheria hiyo ilikuwa na umri wa miaka sita msumeno ulipofanya kazi yake. Kwa kifungu cha kwanza, babu alikuwa mume mwema, kwani doti hazikukosekana. Kwa kifungu cha pili, aliharibu mali ya mtu. Nadhani vifungu hivyo viwili bado havijazoeana. Anayetoa nguo huona ana neno juu ya mwili unaoivaa, na mwanamke akijinunulia mwenyewe, wapo wanaoona kaiba kitu, ingawa hawawezi kusema kaiba kwa nani.

Ndiyo maana sikushangazwa sana, ingawa nilikasirika, siku ya tarehe 1 Juni 2021, Spika Job Ndugai alipomtoa bungeni mbunge wa Momba kwa sababu mbunge mwenzake, mwanamume, alilalamikia suruali yake. Watumishi wa umma nao wana waraka wao wa mavazi tangu 2007. Kanga ya mlinzi wangu ina ukoo mrefu.

Yaliyofuata baada ya 1977 bibi huyasimulia haraka, kama mtu anayevuka daraja bovu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maduka yalikuwa matupu, kanga ilikuwa ya kupanga foleni, na zipo familia zilizojistiri kwa magunia. Wakati huohuo, Morogoro mjini, kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kiwanda cha viatu cha kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi za kuuzwa Ulaya. Kuta zake zilikuwa za aluminiamu, bila mfumo wa kupitisha hewa, kwenye joto lile. Hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ulikoma. Mkoa wetu ulikuwa na kiwanda cha kuivisha viatu Ulaya, na bibi alikuwa amerudia katambuga. Kilichomwokoa ni mitumba. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, nguo zilianza kuonekana tena, na kafa Ulaya zikafuata mpaka minadani. Mama yangu alikwenda sekondari na viatu vya mtoto wa Kizungu aliyeandika jina lake ndani kwa kalamu.

Nilimwambia bibi nataka kuiandika habari ya raizoni. Akakubali haraka kuliko nilivyotarajia. Nikamsomea rasimu, yote, hadi pale penye msumeno. Alisikiliza macho yakiwa kwenye mchele.

"Umemfanya mbaya," akasema.

Nikajitetea kwamba nimeandika alivyonieleza.

"Hukuuliza mavuno ya mwaka ule alifanya nini. Alininunulia doti mbili. Wanaume wengine walinunua moja. Moja ilikuwa ya buluu." Akachota mchele mwingine. "Andika na hilo."

"Kwa nini ya buluu?"

"Hakusema. Na mimi sikumuuliza." Akanyoosha mkono. "Nipe picha yangu."

Nikampa. Akaifuta kwa pindo la kanga, akairudisha kwenye bahasha ya hospitali anamoitunza. Bahasha akaiweka chini ya godoro, upande wake.