Kiu ya Intaneti na Somo la Mkonge wa Korogwe

Kwashemshi ni kata ya Korogwe, katika nchi ya mkonge ambako mtaji wa wageni ulitangulia kufika kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyopona safari ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ukaanza Tanga, na mwaka 1902 ikafika Korogwe. Kufikia 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki karibu sehemu moja ya kumi. Dunia iliendelea kufunga mizigo kwa kamba kila siku, ila mkulima wa mkonge hakulipwa tena bei ile.

Nayakumbusha haya kwa sababu leo mwekezaji anavutwa kwenye kampuni za simu na intaneti kwa maneno yaleyale: mahitaji yanapanda. Na kweli yanapanda. Tanzania ilitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa, hadi mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi Julai 2009, na EASSy mwaka uliofuata. Serikali, kwa mkopo wa China, ikajenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano wa zaidi ya kilomita 7,000, chini ya shirika lake la simu, TTCL. Mwaka 2015 Wavietnamu wa Viettel wakaingia kwa jina la Halotel, wakatandaza nyaya hadi vijijini. Mwaka 2024 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilihesabu laini zaidi ya milioni 40 zinazotumia intaneti, na Mei mwaka huo EASSy na SEACOM zilipokatika baharini kwa pamoja, kila mwenye simu alijua tumeutegemea mkongo kiasi gani.

Lakini kila mkongo mpya unashusha bei ya data. Mteja anatumia mara kumi zaidi bila kulipa mara kumi zaidi, huku kampuni ikilazimika kununua mitambo mipya ili kubeba mzigo huo.

Sheria ilipozitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa kwa umma, Vodacom Tanzania ilitangulia mwaka 2017. Hisa moja iliuzwa shilingi 850 na zikakusanywa shilingi bilioni 476, baada ya muda kuongezwa na wageni kuruhusiwa kununua. Kwa miaka kadhaa iliyofuata hisa hiyo mara nyingi ilikuwa chini ya 850, ingawa data iliyotumiwa ilizidi kuongezeka.

Biashara ya minara ya simu iko tofauti. Mnara mmoja hubeba mitambo ya kampuni kadhaa, na kila moja hulipa pango hata zikigombania bei ya bando. Helios Towers, yenye minara mingi nchini, iliorodheshwa London mwaka 2019, si Dar es Salaam. Hilo linaniuma: pango la minara iliyo kwenye vilima vyetu linawanufaisha wanahisa wa mbali, kama faida ya singa zamani.

Mwenye akiba, awe Kwashemshi au Kariakoo, asinunue hisa ya simu kwa kuhesabu wateja. Aombe taarifa ya fedha ya mwaka, asome kampuni inapata kiasi gani kwa kila mteja na imelipa gawio gani.